Doksisaiklini ya dozi ndogo na ugonjwa wa fizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapoambiwa kwamba fizi zake zinabomolewa na kinga ya mwili wake mwenyewe, halafu akasikia kwamba ipo dawa ya kuituliza kinga hiyo. Dawa yenyewe ni doksisaiklini, ile ile "doksi" ya dukani, ila kwa kiasi cha miligramu 20, kiasi ambacho hakitoshi kuwadhuru bakteria. Ukurasa huu ni wa maelezo tu, hauchukui nafasi ya cheti cha dawa.

## Fizi, bakteria na mwili

1. Fizi zangu hutoka damu ninapopiga mswaki. Hicho si kiseyeye?

Mara nyingi sicho. Kiseyeye chenyewe huletwa na kukosa vitamini C kwa muda mrefu, na anayekula mapera, machungwa au maembe kila mara ni vigumu akipate. Mitaani jina hilo limebandikwa kila fizi inayovuja damu, na matokeo yake watu humung'unya vidonge vya vitamini C mwaka mzima huku ukoga uko palepale.

Chanzo cha kawaida ni huo ukoga, utando laini wa bakteria unaojishika kwenye jino. Ukiachwa hugeuka ugaga, mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauuwezi tena. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake huko Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia usafi, zilipona kwa muda wa wiki moja hivi.

Hatua hiyo inaitwa jinjivitisi, na inaponyeka yote. Balaa ni hatua ya pili, periodontitisi, ambapo nyuzi na mfupa unaoshikilia jino huanza kuliwa. Mfupa huo haurudi wenyewe. Jino hurefuka, hucheza, mwisho hung'oka bila hata kuoza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba periodontitisi kali inawasumbua takriban 19% ya watu wazima duniani, yaani zaidi ya watu bilioni 1.

2. Anayekula mfupa ni nani hasa, bakteria au mwili wangu?

Mchokozi ni bakteria. Mbomoaji mkuu ni mwili. Ni kama kumfukuza nguruwe pori shambani usiku: kukicha unakuta mahindi yaliyovunjwa na miguu ya wafukuzaji ni mengi kuliko yaliyoliwa na nguruwe.

Ushahidi ninaoupenda zaidi umetoka kwenye mashamba ya chai ya Sri Lanka. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, Löe huyohuyo na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa kiume ambao hawakuwa na mazoea ya kupiga mswaki wala daktari wa meno wa kumwendea. Wote walikuwa na ukoga na ugaga tele, na wote walikuwa na fizi zilizovimba. Lakini 8% walipoteza mfupa kwa kasi ya kutisha, 81% walipoteza polepole, na 11% hawakuvuka hatua ya jinjivitisi. Uchafu ule ule, majibu matatu tofauti. Mtu anaweza kubisha kwamba huenda kila mmoja alikuwa na bakteria wa kwake, na si hoja ya kupuuza. Hata hivyo, kuanzia hapo ilikuwa vigumu kuendelea kufundisha kwamba wingi wa ukoga peke yake ndio unaoamua nani atapoteza meno.

3. Porphyromonas gingivalis ni nani, na kwa nini anatajwa sana?

Ni bakteria mdogo wa umbo la kijiti, asiyeweza hewa ya oksijeni, anayejificha chini kabisa ya mfuko unaofunguka kati ya jino na fizi. Chakula chake ni vipande vya protini na madini ya chuma yatokanayo na damu. Akioteshwa maabara kwenye sahani yenye damu, makoloni yake hugeuka meusi kwa sababu hiyo. Mwaka 1998, Sigmund Socransky na wenzake huko Boston walimweka pamoja na Tannerella forsythia na Treponema denticola katika "kundi jekundu", la wale wanaokutwa zaidi kwenye mifuko mirefu inayovuja damu.

Silaha yake ni vimeng'enya viitwavyo jinjipeini, ambavyo hukata protini kama mkasi. Hukata interlukini-8, ile ishara inayowaita nyutrofili, yaani askari wa kwanza katika chembe nyeupe za damu, wasijue waelekee wapi. Hukata pia protini za komplimenti, ambazo ni kengele za hatari ndani ya damu, kwa namna inayozidisha uvimbe bila kumuua yeye. Ukitafakari utaona hesabu yake: uvimbe ukikoma, damu inakoma, na yeye anakufa njaa. Hataki vita viishe, anataka visimfikie.

Mwaka 2011 kundi la George Hajishengallis lilionyesha kwamba kwa panya, bakteria huyu akiwa chini ya 0.01% ya bakteria wote wa kinywani anatosha kuivuruga jamii nzima na kuleta upotevu wa mfupa. Alipowekwa peke yake kwenye panya wasio na bakteria wengine kabisa, mfupa haukuliwa. Ni mchochezi wa fujo. Fujo yenyewe hufanywa na wengine.

4. Seli za fizi zinafanya nini zinapokutana naye?

Seli za ngozi ya juu ya fizi, fibroblasti zinazofuma nyuzi za kolajeni, na makrofaji, chembe za kinga zinazozurura kwenye tishu, wote wana vipokezi vya kuwatambua wageni. Viwili vinavyohusika zaidi hapa ni TLR2 na TLR4. Vikigusa ganda la bakteria, hasa mafuta yake yaitwayo lipopolisakaridi, swichi ya ndani iitwayo NF-kappa B huwashwa na seli huanza kumwaga saitokini: interlukini-1, interlukini-6, TNF, pamoja na prostaglandini E2. Hizo ni barua za kuomba msaada.

Wanaoitikia ni nyutrofili, nao huja na mizigo iliyofungwa tayari. Ndani ya vifuko vyao kuna kimeng'enya MMP-8, kazi yake kukata kolajeni ili askari wapate njia ya kupita. Kwenye kidonda cha siku mbili hilo halina shida. Kwenye fizi ambayo adui haondoki, ukataji huendelea miezi na miaka. Wakati huohuo seli za eneo hilo huongeza protini iitwayo RANKL, ambayo huwaamsha osteoklasti, seli zinazoyeyusha mfupa.

## Dawa inavyofanya kazi

5. Doksisaiklini si antibayotiki? Inawezaje kusaidia bila kupambana na bakteria?

Molekuli moja ina kazi mbili zisizohusiana. Kazi inayojulikana ni kuvamia kiwanda cha protini ndani ya bakteria na kukisimamisha. Kazi ya pili ni kushika madini. MMP-8 na ndugu zake haziwezi kukata kolajeni bila zinki na kalsiamu, na doksisaiklini hujibandika kwenye madini hayo.

Tofauti iko kwenye kiasi. Ukimeza miligramu 20 asubuhi na 20 jioni, kiwango ndani ya damu hubaki chini ya mikrogramu 1 kwa mililita, kidogo mno kuwasumbua bakteria lakini cha kutosha kuvipunguza makali vimeng'enya.

Uthibitisho mzuri zaidi ni wa kemia. Watafiti walikiondoa kipande cha molekuli ya tetrasaiklini kinachoipa nguvu dhidi ya bakteria, kile kilicho kwenye kaboni namba 4. Kilichobaki hakikuwa antibayotiki tena, lakini kiliendelea kuzuia ukataji wa kolajeni kama kawaida.

6. Nani aliligundua hili?

Lorne Golub na wenzake, Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York. Walikuwa wakiwachunguza panya wenye kisukari, ambao fizi zao hutengeneza kolajenesi, yaani vimeng'enya vya kukata kolajeni, nyingi kupita kiasi, na mwaka 1983 walieleza kwamba minosaiklini, ndugu wa doksisaiklini, hupunguza kolajenesi hiyo. Kilichowafanya watu wageuze shingo ni kwamba ilitokea hata kwa panya waliofugwa bila bakteria wowote. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha doksisaiklini ya miligramu 20 kwa periodontitisi, itumike pamoja na kukwangua meno (kuondoa ukoga na ugaga kwa vifaa), kwa muda usiozidi miezi 9.

7. Ndani ya majibu ya seli (swali la 4), dawa inagusa wapi?

Inagusa sehemu kadhaa, zote upande wa chini wa mto na si kwenye chemchemi.

Kwanza, inavizuia vimeng'enya vilivyokwisha kutolewa. Jambo la bahati ni kwamba inaibana zaidi MMP-8 ya nyutrofili na MMP-13, kuliko MMP-1 ambayo fibroblasti huitumia katika ukarabati wa kila siku. Mwili unaendelea kubadilisha kolajeni kuukuu kwa mpya.

Pili, vimeng'enya hivi hutolewa vikiwa vimefungwa kofia, na moja ya vitu vinavyoivua kofia hiyo ni asidi ya hipoklorasi, yenye klorini, inayotengenezwa na nyutrofili. Doksisaiklini huinyonya asidi hiyo.

Tatu, kuna protini ya mwili iitwayo alfa-1 antitripsini inayomlinda mtu dhidi ya kimeng'enya kingine cha nyutrofili, elastesi. MMP-8 huiharibu protini hiyo. Ukiibana MMP-8, umemlinda mlinzi.

Nne, makrofaji waliochokozwa kwa lipopolisakaridi hutoa TNF na interlukini-1 kidogo zaidi dawa ikiwepo, na osteoklasti hupungua kasi. Hii ya nne ndiyo inayotangazwa sana, na ndiyo inayohitaji tahadhari ya swali linalofuata.

Haiondoi bakteria. Haiondoi ugaga. Na vipokezi TLR2 na TLR4 havizibwi. Mlinzi bado anaona nani yuko getini.

8. Nimesoma kwamba dawa hii "ilizuia uvimbe kwa seli za binadamu". Si inatosha?

Haitoshi, na si kwa sababu watafiti wanadanganya. Angalia mambo matatu kabla ya kushangilia.

La kwanza ni dozi. Majaribio mengi ya seli kwenye sahani za maabara hutumia mikrogramu 10, 20 au zaidi kwa mililita. Aliyemeza vidonge vya miligramu 20 hafiki hata 1. Kinachotokea kwa kiwango mara ishirini ya hicho ni taarifa kuhusu kemia. Hakikuambii mgonjwa atapata nini.

La pili ni mchokozi. Mara nyingi seli hupewa lipopolisakaridi iliyosafishwa, wala si bakteria hai. Ya P. gingivalis ina vituko vyake: kutegemea jinsi bakteria alivyoishi, mafuta yake yanaweza kuiwasha TLR4 au hata kuizima. Zaidi ya hapo, bakteria hai ana jinjipeini, na jinjipeini zinazikata saitokini zilezile mtafiti anazojaribu kuzipima. Saitokini zikipungua kwenye kipimo, nani amezipunguza, dawa au mkasi wa bakteria?

La tatu ni mitokondria. Hizi injini za seli zina asili ya kibakteria, na tetrasaiklini kwa viwango vya juu huzizuia kutengeneza baadhi ya protini zake. Seli iliyochoka hutoa saitokini kidogo pia. Ripoti ya utafiti isiyoonyesha kama seli zilikuwa na afya baada ya dawa, mimi huiweka pembeni.

## Kuitumia

9. Inasaidia kwa kiasi gani?

Kidogo. Mwaka 2015 jopo la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilijumlisha majaribio yaliyokuwepo. Kukwangua meno hadi kwenye mizizi peke yake kulirudisha mshiko wa fizi kwa wastani wa takriban nusu milimita. Ukiongeza doksisaiklini ya dozi ndogo, unapata milimita 0.35 zaidi. Hiyo ni chini ya nusu ya unene wa kadi ya benki.

Wastani huficha mengi, bila shaka. Mifuko mirefu hupata zaidi, mifupi haipati kitu cha maana.

10. Kwa nini Marekani inaikubali na Ulaya inaikataa?

Kwa sababu ushahidi mmoja unaweza kusomwa na watu wawili wenye wasiwasi tofauti. Jopo la Marekani liliangalia milimita 0.35, likaona faida inazidi madhara, likasema daktari anaweza kuitumia. Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la madaktari wa fizi wa mwaka 2020 uliangalia dawa hiyohiyo na kushauri isitumike kama nyongeza ya kukwangua: faida ni ndogo, mgonjwa anameza tetrasaiklini miezi mingi, na sera za antibayotiki huko ni kali.

Nikiulizwa niko upande gani, naelekea Ulaya, hasa kwetu. Mgonjwa wa kawaida wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hajawahi kukwanguliwa meno hata mara moja. Kumzungumzia nyongeza ya milimita 0.35 kabla hajapata ile nusu ya kwanza ni kupaka rangi nyumba isiyo na paa. Ila kwa mtu aliyekwisha kukwanguliwa vizuri, aliyeacha sigara, anayepiga mswaki kama inavyotakiwa, na bado ana mifuko michache inayovuja damu, sioni ubaya daktari wake wa fizi akiliweka mezani.

11. Miligramu 20 haipatikani. Naweza kununua kapsuli ya 100 na kuigawa?

Usifanye hivyo. Hili huulizwa kuliko yote, kwa sababu kapsuli ya 100 ipo karibu kila duka la dawa na bei yake ni ya soda.

Unga wa ndani haugawiki sawa kwa kisu juu ya sahani. Siku moja utapata 10, siku nyingine 40. Unga mtupu ukinata kooni huunguza umio na kuacha kidonda, na maumivu yake watu hudhani ni moyo. Ukiamua kumeza kapsuli nzima kila siku, umetoka kwenye dozi ya kutuliza vimeng'enya na kuingia kwenye dozi ya kupambana na bakteria, kwa miezi, bila sababu. Hapo ndipo usugu unapozaliwa.

Kapsuli ya miligramu 40 inayotolewa kwa wagonjwa wa ngozi ya uso wenye rozasea nayo imetengenezwa iwe chini ya kiwango cha kudhuru bakteria, lakini iliidhinishwa kwa ajili ya ngozi hiyo, si fizi.

12. Hata dozi ndogo, haileti usugu?

Majaribio ya miezi 9 yalipima bakteria wa kinywani na wa kwenye kinyesi na hayakuona ongezeko la wale sugu. Hiyo ni habari njema lakini ina mipaka: waliopimwa waliimeza dozi ndogo kama walivyoelekezwa, wakisimamiwa. Mtaani mambo si hivyo (swali la 11). Doksisaiklini ni dawa ya kutegemewa kwa magonjwa mengi ya kwetu, kuanzia brusela hadi klamidia, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la antibayotiki zinazopaswa kupatikana kwa urahisi kila mahali. Ikilegea, hatuna nyingi za bei hiyo.

13. Nani hatakiwi kuitumia, na humezwa vipi?

Mjamzito asiitumie, wala mtoto ambaye meno yake ya kudumu bado yanaundwa, kwa kawaida chini ya miaka 8, kwa kuwa tetrasaiklini hujibandika kwenye jino linalokua na kulitia doa la kudumu. (Meno ya kahawia ya watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro ni jambo jingine, yale ni floraidi ya maji.) Mwenye mzio wa tetrasaiklini asiiguse. Anayemeza wafarini ya kuzuia damu kuganda amwambie daktari kwanza.

Meza kwa glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, na usijilaze baada ya hapo. Usiichanganye na maziwa, dawa za kiungulia au vidonge vya kuongeza damu. Madini yaliyomo huishika dawa tumboni kabla haijaingia mwilini, kwa kanuni ileile ya swali la 5. Jua pia hukuunguza haraka zaidi.

14. Nilimeza doksi ya wiki moja kwa ugonjwa mwingine na fizi zikatulia. Mbona zimerudi?

Ile ilikuwa dozi kamili, ikawapunguza bakteria kwa muda. Ugaga ulibaki, na juu yake utando mpya ulijengwa ndani ya siku chache. Dawa ya kumeza haipenyi vizuri kwenye utando mnene wa bakteria. Kifaa cha chuma mkononi mwa daktari huuvunja kwa dakika chache.

## Hali za pekee

15. Nina kisukari. Hii inanihusu zaidi?

Ugonjwa unakuhusu zaidi. Sukari ikiwa juu, seli za fizi hujibu bakteria kwa ukali na kupona hukawia. Uhusiano unaenda pande zote mbili: uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kutibu fizi hushusha HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache, kwa takriban 0.43% baada ya miezi mitatu hadi minne. Punguzo la namna hiyo wengine hulitafuta kwa kidonge cha pili cha sukari. Anza na kukwangua. Mengine ni baada ya hapo.

16. Fizi zangu zimekua hadi zinafunika meno, na sina maumivu. Nitumie dawa hii?

Angalia kwanza dawa zako. Amlodipini na nifedipini za presha, fenitoini ya kifafa, na saiklosporini ya waliopandikizwa figo, zote zinaweza kuzifanya fibroblasti zijaze tishu kupita kiasi, hasa penye ukoga. Usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Mwambie daktari aliyekuandikia, mara nyingi ipo mbadala.

17. Kama kinga ndiyo inayobomoa, kwa nini tusiizime kabisa?

Kwa sababu asili imekwisha kulifanya jaribio hilo. Kuna watoto wanaozaliwa na kasoro inayozuia nyutrofili kutoka kwenye mshipa wa damu na kuingia kwenye tishu. Kwa mantiki ya swali la 2 ungetegemea wawe na fizi imara. Kinyume chake, hupoteza meno utotoni. Ilidhaniwa kwamba bakteria wamekosa wa kuwazuia, lakini maelezo yaliyokuja baadaye yanashangaza zaidi: nyutrofili wasipofika, tishu haipati taarifa ya kwamba msaada umefika, ikaendelea kupiga kelele kwa interlukini-23 na interlukini-17, na kelele hizo ndizo zinazoyeyusha mfupa. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walieleza kijana mwenye kasoro hiyo aliyepewa ustekinumabu, kingamwili inayonyamazisha interlukini-12 na 23. Uvimbe wa fizi zake ulitulia.

Kwa hiyo neno sahihi ni kurekebisha, si kuzima. Asiye na nyutrofili na mwenye nyutrofili wasiotulia wote wanaishia kwenye kiti cha kung'olea.

18. Kuna dawa nyingine za aina hii zinazokuja?

Zipo zinazojaribiwa. AMY-101, iliyotokana na kazi ya John Lambris huko Pennsylvania, huziba protini C3 ya komplimenti, ile kengele ambayo P. gingivalis huichezea, ikidungwa kwenye fizi za watu ilipunguza uvimbe katika jaribio la awamu ya pili. Risolvini, molekuli ambazo mwili huzitengeneza kutokana na mafuta ya samaki ili kumaliza uvimbe, ziliwalinda sungura dhidi ya upotevu wa mfupa zilipopakwa. Vidonge vya mafuta ya samaki vya dukani si risolvini, na mwongozo wa Ulaya haukuvipendekeza.

19. Ni kweli kwamba bakteria huyu huleta ugonjwa wa kusahau?

Jinjipeini zimekutwa kwenye ubongo wa watu waliokufa na Alzheimer. Kampuni moja ya Marekani ikatengeneza dawa ya kuzizuia, na mwaka 2021 matokeo ya jaribio kubwa yakatoka: kwa ujumla wa wagonjwa, haikupunguza kasi ya kusahau. Tibu fizi kwa ajili ya meno yako.

20. Mwanangu ana kidonda cha fizi, shavu limevimba na linageuka jeusi.

Funga ukurasa huu umpeleke hospitali leo. Hiyo inaweza kuwa noma, ambayo hula uso wa mtoto mwenye utapiamlo ndani ya siku chache, na ikiwahiwa hutibika kwa antibayotiki za kawaida kwa dozi kamili. Hakuna chochote cha dozi ndogo hapo.

21. Daktari aliniandikia, nimemeza miezi mitatu, sioni tofauti yoyote. Niache?

Hutaihisi, kwa kuwa haipunguzi maumivu wala harufu. Inachokibadilisha husomwa kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita ambacho daktari hukishusha pembeni ya jino. Muulize namba za mwanzo na za sasa, jino kwa jino, na pia ni sehemu ngapi zilitoka damu. Palipokuwa 6 pakisoma 4 na damu haipo, endelea hadi muda aliokupangia uishe. Pakibaki 6, dawa hiyo haina la zaidi la kukupa, na mazungumzo yahamie kwenye kukwangua upya au upasuaji wa fizi.